Chungu cha Shule na Mtoto wa Asiyetoa

Liko swali moja ambalo watu wa vijijini hulijibu kila siku kwa vitendo kabla hawajalipima kwa akili, nalo ni hili: wazazi wakikubaliana kuchanga mahindi na maharagwe ili watoto wao wale shuleni mchana, na baba mmoja asitoe, je, mtoto wake apewe chakula pamoja na wenziwe, au azuiwe mpaka babake atoe? Wengi wasema azuiwe, na hoja yao ni nyepesi kufahamika: kila mtu na ale alichotoa. Wachache wasema apewe, lakini wakiulizwa sababu hujibu kwa huruma peke yake, na huruma isiyo na hoja haisimami mbele ya gunia tupu. Kwa hiyo yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, kwani ndani yake mna haki ya mtoto, na wajibu wa mzazi, na amana ya mji mzima, na mambo haya matatu yakichanganywa hutoka dhulma iliyovaa nguo za uadilifu.

Asili ya swali lenyewe si ya zamani sana. Kwa waraka uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2015, serikali ya Tanzania iliondoa ada na michango ya lazima katika shule zake tangu elimu ya awali mpaka kidato cha nne, na amri hiyo ikaanza kazi Januari 2016. Kisha mwaka 2022 wakaingizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Neema hii haikanushiki. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya ada waliingia darasani wakakaa. Lakini chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa hakikuingia katika fungu lile. Kiliachwa mikononi mwa wazazi, kwa hiari yao na makubaliano yao. Na hiari ikikutana na umaskini, na mara nyingine ikikutana na ubakhili, huzaa daftari la majina. Ndiyo maana katika shule nyingi za kutwa kengele ya adhuhuri hugawa watoto mafungu mawili: hawa huenda na bakuli zao kwenye chungu, na hawa hukaa chini ya mwembe wakijifanya wana mchezo. Mwalimu wa somo la mchana hahitaji kuuliza nani ni nani. Aliyekula huinua mkono, na asiyekula hulaza kichwa juu ya dawati.

Basi na atazamwe mtu wa Kagunga. Kijiji hiki kiko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, mbele ya msitu wa Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Nyuma yake ni milima, na mbele yake ni maji. Riziki ya wengi katika pwani hii hutoka ziwani usiku: wavuvi huwasha taa juu ya maji dagaa wakazifuata, wavu ukapandishwa, na asubuhi wanawake wakawaanika mchangani na vichanjani. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mvuvi hupumzika apende asipende. Kwa hiyo nyumba yake ina siku za kushiba na siku za kupungukiwa, nazo hufuata mwandamo wa mwezi, wala hazifuati mihula ya shule. Tena mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Amri hiyo ilikuwa na hekima yake, kwani ziwa lisilopumzika huisha. Walakini baba aliyekuwa mtoaji mwezi wa Aprili aliweza kuwa asiyetoa mwezi wa Julai, naye ni mtu yule yule na moyo wake ni ule ule. Daftari halina mahali pa kuandika khabari hiyo. Daftari hujua mawili tu, ametoa au hakutoa.

Hapo ndipo kosa la kwanza la wasemao azuiwe. Neno lao "asiyetoa" wamelifanya moja, na hali watu wake si namna moja. Yuko asiyeweza kabisa, kama mjane mwenye watoto watano na shamba la muhogo kilimani. Yuko asiyeweza leo atakayeweza giza la mwezi likirudi. Na yuko mwenye kuweza asiyetaka. Wawili wa kwanza hawana mjadala mrefu: asiyeweza hadaiwi asichokuwa nacho, na mwenye dhiki hungojewa mpaka apate wasaa, na hili ni jambo ambalo sharia ya Kiislamu imelieleza waziwazi katika khabari ya madeni, na ada za watu wa pwani ya ziwa zalijua hata kabla ya kusomeshwa. Wa tatu ndiye mgumu, na anayetaka kulijibu swali kwa haki hana budi kumkabili yeye.

Na afikiriwe baba huyu wa tatu. Amepata, akala, akanywa, na alipoitwa mkutanoni kuchanga akageuza uso. Je, mtoto wake azuiwe? Jawabu ni la, na hoja yake haitoki katika huruma, hutoka katika haki. Adhabu hustahili aliyekosa. Mtoto hakukosa. Hana mali ya kutoa, wala hana sauti katika mkutano wa kijiji, wala hakumchagua babake. Kwamba mtu habebeshwi mzigo wa dhambi ya mwingine ni msingi unaojulikana na kila aliyesoma juzuu chache, na akili hufikia hapo hapo bila ya kitabu. Tena tazama ni nani aonaye uchungu wa adhabu hii. Baba amekula kwake, na njaa ya mtoto haimuumi tumboni. Wasema, "Ataona haya mtoto akirudi akilia." Maana ya maneno haya ni kuwa tumbo la mtoto limefanywa fimbo ya kumpigia babake. Watu wakisikia kuwa jeshi limeuzingira mji na kuwanyima wake na watoto chakula ili wanaume wasalimu amri, hulaani tendo hilo na kulisema ni unyama. Tofauti ya lile na hili ni ya ukubwa tu.

Ama lile neno la "kila mtu na ale alichotoa", hilo ni neno la dukani, na watu wenyewe hawalifuati. Mvulana wa darasa la saba hula mara mbili ya msichana wa darasa la kwanza, na wazazi wao wametoa debe lile lile, wala hakuna anayeinuka kudai kipimo. Mwenye mtoto mgonjwa aliyekuwa nyumbani wiki tatu harudishiwi mahindi yake. Kumbe watu wamekwisha kukubali kuwa chungu cha shule ni cha wote kwa pamoja. Isipokuwa akifika mtoto wa asiyetoa ndipo mizani ya dukani hutafutwa.

Lakini iko hoja nyingine yenye nguvu kuliko hizi, na wanaoipuuza hawajakaa katika mikutano ya wazazi. Yasema hivi: mtoto wa bakhili akipewa chakula, mwaka huu watakuwa mabakhili watatu, mwaka ujao thelathini, na mwaka wa tatu gunia halitajaa, chungu kitateketea, na wote watakaa na njaa, wa mtoaji na wa asiyetoa. Hii ni kweli, na imekwisha kuonekana mahali pengi. Huruma kwa mmoja inayoua chakula cha mia tatu si huruma yenye akili.

Jawabu lake ni kutenganisha mambo mawili ambayo desturi imeyafunga pamoja, yaani chakula cha mtoto na deni la baba. Mtoto ale, baba adaiwe. Deni halifutwi kwa kuwa mtoto ameshiba, bali hubaki juu ya shingo ya mwenye nalo, na wa kulidai ni watu wazima, mahali pa watu wazima. Serikali ya kijiji inazo njia: huyu ataleta kuni, yule atachimba shimo la taka la shule, yule mwingine atakata fungu la dagaa siku mtumbwi wake ukitua. Waingereza walipotunga sheria ya chakula cha watoto wa shule mwaka 1906 walikabiliwa na hofu hii hii, nao wakaamua kuwa baba atozwe thamani ya chakula, na asipolipa na hali aweza, adaiwe kama mdaiwa mwingine. Tena wakaandika kuwa baba aliyelishiwa mtoto wake asivuliwe haki yake ya kupiga kura kwa sababu hiyo. Nchi ile ilikuwa na matajiri wengi na watoto dhaifu wengi, na iliamka baada ya kuona vijana waliojitokeza kwenda vita vya Afrika ya Kusini wakikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Huko India nako, mwaka 2001, Mahakama ya Juu iliamuru kila mtoto katika shule za msingi za serikali apewe chakula kilichopikwa, wala haikuweka sharti la baba kutoa kwanza.

Iko khabari ya zamani zaidi inayofundisha vizuri kuliko sheria hizo. Imesimuliwa katika tarehe za Kiislamu kuwa Khalifa Omar bin Khattab, aliyetawala tangu mwaka 634 mpaka mwaka 644, aliweka posho ya watoto kutoka hazina ya umma, na akasharutisha kuwa mtoto aandikiwe akisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akipita na ulinzi alisikia mtoto akilia asinyamaze. Akamwendea mamake mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akimlaumu kwa kutomtuliza mwanawe. Mwanamke, asijue asema na nani, akamjibu kuwa amlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwani Omar haandikii posho ila walioachishwa. Asubuhi Khalifa alisalisha watu kwa kilio, kisha akatangaza kuwa kila azaliwaye ataandikiwa posho tangu siku ya kuzaliwa, wala watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa.

Yafaa kuangalia alipoelekeza lawama. Hakusema mwanamke yule ni mdanganyifu, ingawa angaliweza kusema. Aliitazama kanuni yake mwenyewe, iliyowekwa kwa nia njema, akaona kuwa imezaa njaa ambayo haikuwako. Na kanuni ya "asiyetoa mtoto wake asile" nayo huzaa. Mtoto mdogo hujifunza kuiba mkate wa mwenziwe. Mvulana huacha shule akaenda ufukoni kuvuta nyavu, kwani huko hulipwa kwa samaki siku ile ile. Na binti aliyekwisha kukua hupata wa kumpa chakula kwa thamani isiyofaa kutajwa hapa. Kisha mkutano wa kijiji hukaa kulaumu utovu wa adabu wa vijana.

Watu wa Kagunga khasa wanayo hoja yao wenyewe, wala hawana haja ya kuazima ya India wala ya Uingereza. Mwezi wa Mei mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia katika kijiji hiki, wakalala ufukoni na kwenye mitelemko ya milima kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Maji safi hayakutosha, vyoo havikuwako, na kipindupindu kikaua watu. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani kabla ya vita vya mwaka 1914, ilikwenda na kurudi ikiwachukua mpaka Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Katika siku zile hakuna aliyemuuliza mtoto wa Kirundi, "Babako ametoa nini?" Alipewa kwa kuwa ni mtoto na ana njaa. Walimwengu wote waliona kuwa hiyo ndiyo haki, na angaliyeuliza swali lile angalionekana amepotewa na akili. Sasa na aeleze mwenye kueleza: ni kwa sababu gani haki ile iliyomstahili mgeni siku ya msiba isimstahili mtoto wa jirani siku ya kawaida? Akisema kuwa yale yalikuwa maafa, ataambiwa kuwa tumbo la mtoto halina kalenda ya maafa.

Yako na mambo ya chakula chenyewe, nayo si madogo. Mara nyingi watu wakisema watoto wamekula shuleni maana yake ni uji mweupe wa mahindi au makande yenye maharagwe ya kuhesabika. Njaa hutulia, lakini mwili haujengeki. Na ajabu ni kuwa pwani hii ni yenye neema: dagaa wake wakaushwao hupakiwa magunia kwenda miji ya mbali, nao ndio wenye kujenga nyama na mifupa, na michikichi ya Kigoma hutoa mawese, ambayo wekundu wake ndio alama ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ya maradhi mengi. Kiganja cha dagaa waliosagwa na kijiko cha mawese katika chungu kile kile, na chumvi iliyotiwa madini joto, hugeuza shibe ya bure kuwa chakula. Mji unaouza dagaa wake wote kisha ukawapa wanawe uji mtupu umeuza kitu ambacho haukukijua bei. Tena kichocho na minyoo hula pamoja na mtoto aogaye na kuteka maji ziwani. Asipopewa dawa zake kwa wakati, na asipopata choo na maji ya kunawa, nusu ya kile anacholishwa huwa cha wengine.

Wala isidhaniwe kuwa chungu cha shule chaweza kila kitu. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa, na udumavu huo huanza tumboni mwa mama na kukomaa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Atakayemwacha mama mjamzito ale muhogo mtupu kisha akategemea mwalimu mkuu kurekebisha, amechelewa miaka saba. Lakini kuchelewa si sababu ya kuacha. Mtoto aliyedumaa naye ana adhuhuri, na adhuhuri hiyo yaweza kuwa ya njaa au ya shibe.

Wengine watasema, mji ni maskini, chakula hicho kitatoka wapi. Yafaa waulizwe juu ya arobaini. Afapo mtu katika miji hii hutafutwa mchele, huchinjwa mbuzi au ng'ombe, na watu mia hula siku tatu, na wengine wao walikuwa hawamjui marehemu jina lake. Pesa hukopwa kwa ajili ya hayo, na warithi hukaa na deni, na huenda katika warithi hao wamo mayatima ambao mali yao haikuwa halali kupikiwa wageni. Kijiji kiwezacho kupika pilau ya matanga mara sita kwa mwaka hakishindwi na maharagwe ya shule. Mwenye kutaka thawabu imfikie maiti wake, na apeleke gunia shuleni kwa niaba yake. Sadaka ile italiwa na watoto mia tatu, Waislamu na Wakristo, Waha na wasio Waha, kwa siku nyingi, na hakuna mrithi atakayelia.

Limebaki jambo la haya, nalo husahauliwa hata na wale waliokubali kuwa mtoto ale. Kuna shule ambamo mtoto wa asiyetoa hupewa, lakini hupewa mwisho, akasimama mstari wake peke yake, au mpishi akamwambia maneno mbele ya wenziwe. Mtoto wa miaka kumi na mwenye heshima yake ataona ni heri njaa, atasema ameshiba, na watu wazima wataandika kuwa amepewa akakataa. Sadaka ifuatwayo na masimango imekwisha kubatilika, na masimango kwa mtoto ni dhulma juu ya dhulma. Kwa hiyo daftari la michango lisikae jikoni, wala lisisomwe kwenye mstari wa asubuhi, wala mwalimu asiwatume watoto kudai kwa wazazi wao. Likae kwa mtendaji wa kijiji pamoja na kamati ya wazazi, na wanaodaiwa waitwe wao wenyewe, baada ya sala ya Ijumaa au siku ya mkutano, au wafuatwe ufukoni asubuhi mitumbwi inapotua, wakati dagaa wangali wabichi na kila mtu aona nani amepata na nani amekosa. Na bakuli za watoto ziwe namna moja zote.